Washington Ikibadili Sera, Mbunge wa Jimbo Aanzie Wapi

Kazi yangu ni kuchambua bajeti katika bunge la jimbo mojawapo la Marekani. Sipigi kura wala sihutubii. Mimi ni yule anayepigiwa simu usiku, baada ya mwandishi wa habari kumuuliza mheshimiwa, "Rais amesaini hili leo, ninyi mtafanya nini?" Tangu Januari 2025 simu za namna hiyo haziishi, na majibu yangu yamekuwa yakijirudia mpaka nikaona bora niyaandike. Nayaandika kwa Kiswahili kwa kuwa wenzetu sasa wamo katika mambo haya: Minnesota ilimchagua mzaliwa wa Kenya kuingia bunge la jimbo mwaka 2024, wengine ni wasaidizi wa wabunge, na wengi zaidi ni wapiga kura wanaotaka kumuuliza mbunge wao swali asiloweza kulikwepa.

Msimamo wangu niuseme mapema. Sera ya Washington, yaani serikali ya shirikisho, ikibadilika, wabunge wengi wa majimbo hukimbilia kipaza sauti au azimio la kulaani (au la kupongeza, kutegemea chama). Hayo yana nafasi yake, lakini hayabadilishi kitu. Penye kazi ni ndani ya sheria za jimbo lenyewe, pale ambapo zimefungwa kwenye sheria ya shirikisho kwa fundo ambalo aliyelifunga alishastaafu. Ukijua fundo liko wapi unaweza kulikaza, kulilegeza au kulikata. Usipojua, Washington ikivuta upande wake nawe unaburutwa.

Kwanza, ni karatasi gani hiyo?

Vyombo vya habari huandika kichwa kile kile kwa kila jambo: serikali yabadili sera. Lakini sheria iliyopitishwa na Bunge la Marekani, kanuni ya wizara, amri ya rais na waraka wa ofisi fulani si mamoja. Amri ya rais ni maagizo kwa watumishi walio chini yake. Haikuamuru wewe uliyechaguliwa na watu wa jimbo lako, wala haifuti hata kifungu kimoja cha sheria zenu, ingawa inaweza kukuumiza kwa upande wa fedha kwa kuwa watumishi hao ndio wanaotoa ruzuku. Kanuni ya wizara ina nguvu ya sheria. Kwa kawaida hutangazwa kwanza kama pendekezo katika Federal Register, gazeti rasmi la serikali ya shirikisho, na watu hupewa muda wa kutoa maoni, mara nyingi siku 30 au 60. Waraka wa mwongozo hauna nguvu hiyo, ila afisa wa jimbo anayeogopa kukosa ruzuku ataufuata neno kwa neno.

Tofauti hii ina gharama. Januari 27, 2025 ofisi ya bajeti ya Ikulu ya Marekani ilitoa waraka wa kurasa mbili wa kusimamisha ruzuku na mikopo ya shirikisho. Januari 29 waraka huo ulikuwa umefutwa. Kamati ambayo ingeanza kukata bajeti Januari 28 ingekuwa inakata kwa ajili ya karatasi iliyoishi siku mbili. H.R. 1, ile sheria kubwa ya kodi na matumizi iliyosainiwa Julai 4, 2025, ni habari nyingine kabisa. Hiyo ni sheria kamili, ina tarehe za utekelezaji zinazofika mpaka miaka ya 2030, na hakuna wizara inayoweza kuamka asubuhi ikaifuta.

Mheshimiwa akinijia na kipande cha habari kwenye simu, namwomba tukatafute maandiko yenyewe, kisha tunajibu mambo manne: inamfunga nani, inaanza lini, inagusa fungu gani la fedha, na nani amepewa mamlaka ya kujaza mapengo iliyoyaacha. La nne ndilo linalosahauliwa. Kuhusu masharti ya kazi kwa wanaopata Medicaid, bima ya afya ya serikali kwa watu wa kipato kidogo, kwa mfano, H.R. 1 yenyewe iliitaka wizara ya afya itoe kanuni si baada ya Juni 1, 2026. Jimbo lililoandika sheria yake kabla ya hapo lilikuwa linaandika huku nusu ya ukurasa ni tupu.

Tafuta fundo

Hapa ndipo ningependa utumie muda wako mwingi. Fungua sheria za jimbo lako, ambazo siku hizi zote ziko mtandaoni, utafute majina ya sheria na ofisi za shirikisho: Internal Revenue Code (kodi), Social Security Act (hifadhi ya jamii), Clean Air Act (hewa safi), CDC (kituo cha kudhibiti magonjwa), na kadhalika. Kila yanapojitokeza jiulize swali moja. Je, sisi tunafuata sheria hiyo kama ilivyokuwa tarehe fulani, au kama itakavyokuwa siku zote?

Upande wa kodi ndio wenye mafundo mengi. Majimbo mengi yanayotoza kodi ya mapato huanza hesabu na namba iliyotoka kwenye fomu ya shirikisho. Baadhi hufuata mabadiliko ya Washington moja kwa moja, siku ile ile. Mengine yamebandika tarehe, na chochote kilichobadilika baada ya tarehe hiyo hakiwahusu mpaka bunge liisogeze. California ni ya kundi hili la pili. Kwa miaka kumi ilikuwa ikifuata sheria ya kodi ya shirikisho kama ilivyokuwa Januari 1, 2015, na mwaka 2025 ndipo bunge lake likasogeza tarehe hadi Januari 1, 2025. Tazama vizuri: walisogeza, lakini wakasimama kabla ya Julai 4, 2025.

Colorado ni ya kundi la kwanza. Hufuata moja kwa moja, tena huanzia kwenye mapato yaliyokwisha kupunguzwa makato ya shirikisho. H.R. 1 ilipoongeza makato mapya kwa watu na makampuni, mapato ya jimbo yalipungua papo hapo, siku chache tu baada ya mwaka wa fedha kuanza Julai 1. Gavana Jared Polis akaita kikao maalumu, kikaanza Agosti 21, kuziba pengo la karibu dola milioni 800. Na Colorado haikuwa na mikono huru, kwa sababu katiba yake, tangu marekebisho ya 1992, hairuhusu kodi kupandishwa bila kura ya wananchi. Wakaondoa baadhi ya nafuu za kodi za makampuni, sehemu nyingine ya pengo wakamwachia gavana aizibe kwa kupunguza matumizi.

Maryland ililiona jambo hili mapema. Sheria yake inasema mabadiliko ya kodi ya shirikisho yakiigharimu hazina ya jimbo dola milioni 5 au zaidi kwa mwaka, jimbo haliyafuati kwa mwaka huo wa kodi, hata kama bunge limelala. Wabunge wanapata muda wa kukaa, kusoma na kuamua kama wanayataka. Kama ungeniuliza ni kifungu gani cha jimbo jingine nikiibe leo nikilete kwetu, ningeiba hicho.

Fundo jingine lilikuwa kwenye chanjo, na karibu hakuna aliyelijua mpaka lilipovutwa. Majimbo mengi yaliandika kwamba bima lazima ilipie chanjo zinazopendekezwa na ACIP, kamati ya washauri wa chanjo wa CDC, au kwamba mfamasia anaruhusiwa kuchoma chanjo zilizomo kwenye orodha ya kamati hiyo. Juni 2025 waziri wa afya Robert F. Kennedy Jr. akawaondoa wajumbe wote 17 wa kamati hiyo na kuweka wengine. Uipende au usiipende hatua hiyo, matokeo yake kisheria yalikuwa kwamba ruhusa ya mfamasia wa jimbo lako ilihamia mikononi mwa watu wapya bila bunge lako kuinua kidole. California ikajibu Septemba 2025 kwa kuichukua orodha kama ilivyokuwa Januari 1, 2025, ikaifanya kuwa msingi, na kuipa wizara ya afya ya jimbo ruhusa ya kuirekebisha. Kiini cha jibu lote ni tarehe moja na jina la ofisi moja.

Mbinu hii haina chama, na napenda kulisisitiza hilo kwa vijana wapya wa pande zote mbili. Jimbo linalofurahia mabadiliko ya Washington linaweza kuondoa tarehe iliyobandikwa ili liyafuate haraka zaidi. Kalamu ni ile ile.

Fedha zinaingilia mlango gani

Takriban theluthi moja ya fedha zote zinazotumiwa na majimbo hutoka serikali ya shirikisho, na sehemu kubwa kuliko zote ni Medicaid. Kabla ya kusema jimbo "limeathirika", iombe kila idara orodha ya mafungu ya shirikisho inayopokea, jina la sheria inayoyaleta, tarehe ya kuisha, jimbo linachangia kiasi gani, na ni watumishi wangapi mishahara yao inatoka humo. Idara zitakwambia hazina orodha hiyo. Zinayo, imetawanyika tu kwenye kompyuta za wahasibu watatu.

Nichukue SNAP, msaada wa chakula, kwa sababu hapo hesabu inaonyesha mengi. Tangu zamani chakula chenyewe kililipwa chote na shirikisho, gharama za uendeshaji zikigawanywa nusu kwa nusu. H.R. 1 imebadili yote mawili. Kuanzia Oktoba 2026 jimbo linabeba asilimia 75 ya uendeshaji. Kuanzia Oktoba 2027 linachangia na chakula chenyewe, kwa kufuata kiwango chake cha makosa ya malipo. Chini ya asilimia 6, halichangii. Kuanzia 6 mpaka chini ya 8 linalipa asilimia 5 ya chakula chote. Kuanzia 8 mpaka chini ya 10, asilimia 10. Kuanzia 10 kwenda juu, asilimia 15. Mwaka wa fedha 2024 kiwango cha nchi nzima kilikuwa 10.93. South Dakota ilikuwa na 3.28, Alaska 24.66.

Sasa piga hesabu kwa jimbo ambalo watu wake hupokea dola bilioni 1 za chakula kwa mwaka. Likiwa na makosa ya asilimia 10.1 linadaiwa dola milioni 150. Likishuka mpaka 9.9 linadaiwa milioni 100. Dola milioni 50 zimekaa kwenye tofauti ambayo mashine ya kawaida ya kukusanya takwimu haiwezi hata kuihisi. Na makosa hayo si wizi. Ni malipo yaliyozidi pamoja na yaliyopungua: mama alibadilishiwa zamu kazini, karani akaingiza mshahara wa mwezi uliopita. Kwa hiyo mheshimiwa akiniuliza ni wapi dola moja ya bajeti italeta faida kubwa, simwelekezi kwenye mradi wowote mpya. Namwelekeza kwa karani anayehakiki mapato ya waombaji, ana mafaili mangapi mezani, na mfumo wake wa kompyuta ni wa mwaka gani.

Kuna na suala la muda. Mchango wa mwaka wa fedha 2028 unategemea makosa ya mwaka 2025 au 2026, jimbo lichague. Wa 2029 unategemea ya 2026. Maana yake bili inaandikwa miaka miwili au mitatu kabla haijafika. Jimbo linalopunguza makarani mwaka huu ili bajeti ikae sawa linajiongezea deni ambalo halitaonekana mpaka uchaguzi mwingine upite. Sheria hiyo pia imeyaruhusu majimbo yenye makosa makubwa kupita kiasi yacheleweshewe mchango huo. Nalitaja hili usije ukashangaa kusikia aliyefanya vibaya zaidi amepewa nafasi ya kupumua.

Medicaid nayo. Katika majimbo 40 yaliyopanua Medicaid ili ichukue watu wazima zaidi wa kipato kidogo, pamoja na Washington D.C., watu wazima wa miaka 19 hadi 64 walioingia kwa upanuzi huo watatakiwa kuonyesha saa 80 kwa mwezi za kazi, masomo au kazi ya kujitolea, isipokuwa wale waliosamehewa kama wagonjwa na wazazi wa watoto wadogo. Tarehe ni Januari 1, 2027, na uhakiki utakuwa kila baada ya miezi 6 badala ya 12. Bunge la jimbo haliwezi kulifuta sharti hilo. Lakini ndani yake kuna maamuzi ambayo mtu wa jimbo ndiye atayafanya, na kama si mbunge basi ni mkurugenzi wa idara: mwombaji aonyeshe mwezi mmoja wa nyuma au mpaka mitatu, misamaha ya muda ya watu waliopatwa na shida itumike au la, na idara itafute ushahidi yenyewe kiasi gani kabla ya kumsumbua raia.

La mwisho ndilo lenye uzito. Arkansas ilijaribu masharti ya kazi mwaka 2018. Ndani ya miezi michache watu zaidi ya 18,000 walikuwa wamepoteza bima, mpaka jaji wa shirikisho alipoyasimamisha Machi 2019. Mwanzoni saa zilipaswa kuripotiwa kwa njia ya mtandao peke yake, na tovuti ilikuwa ikifungwa kila siku kuanzia saa tatu usiku mpaka saa moja asubuhi, kana kwamba ni duka. Mtu anayefanya kazi mchana kutwa aripoti lini kwamba anafanya kazi? Kwa hiyo andika kwenye muswada kwamba idara itazame kwanza taarifa ilizonazo tayari: mishahara ambayo waajiri huripoti kwa ajili ya bima ya ukosefu wa ajira, mafaili ya SNAP, rekodi za vyuo vya umma. Andika pia kwamba simu na karatasi zinakubalika. Na kumbuka kwamba kujenga mifumo ya kompyuta ya Medicaid kwa kawaida shirikisho hulipia asilimia 90, kwa hiyo kisingizio cha gharama usikikubali kirahisi.

Ushuru ambao majimbo huwatoza watoa huduma za afya ili kupata mchango wao wa Medicaid nao unabanwa: kwenye majimbo yaliyopanua, kikomo cha asilimia 6 ya mapato yao kinashuka nusu asilimia kwa mwaka kuanzia mwaka wa fedha 2028 mpaka kifike 3.5 mwaka 2032. Mweke mtu mmoja wa kamati ya fedha afuatilie hilo tu.

Kalenda yako na kalenda yao

Mwaka wa fedha wa shirikisho huanza Oktoba 1. Majimbo 46 huanza Julai 1. New York Aprili 1, Texas Septemba 1, Alabama na Michigan Oktoba 1 kama serikali ya shirikisho. Chora kalenda mbili sambamba uone tarehe zinagongana wapi.

Tazama Montana, Nevada na North Dakota. Mabunge yao hukaa kikao cha kawaida miaka isiyogawanyika kwa mbili. Mwaka 2025 yote matatu yalikuwa yamemaliza kabla H.R. 1 haijasainiwa, na kikao cha kawaida kinachofuata ni cha mwaka 2027. Yote matatu yalipanua Medicaid. Tarehe ya Januari 1, 2027 inafika kabla mbunge yeyote hajasimama kuchangia katika kikao hicho cha kawaida. Katika majimbo ya namna hiyo kazi ya kweli hufanyika kwenye kamati za kati ya vikao, zile ambazo wapya huziona za kupumzikia.

Kwa hiyo jua mapema nani ana ruhusa ya kuita kikao maalumu. Texas ni gavana peke yake. Colorado gavana anaweza, na theluthi mbili ya wabunge wanaweza. Jua pia nani anaruhusiwa kupokea na kutumia fedha za shirikisho bunge likiwa limefungwa. Vermont ina bodi ya dharura yenye gavana na wenyeviti wa kamati nne za fedha. Serikali ya shirikisho ilipofungwa siku 43 kuanzia Oktoba 1, 2025, na fedha za SNAP za Novemba zikakwama, bodi hiyo ilikaa ikatoa fedha za jimbo kusaidia familia, bila kuwaita wabunge wote. Kama jimbo lako halina chombo cha namna hiyo, muswada wa kukiunda upeleke mwaka wa amani. Kwenye dharura kila upande huona chombo hicho kama mtego.

Kukataa kuna mipaka, na kuna nafasi

Kifungu cha 6 cha Katiba ya Marekani kinaiweka sheria ya shirikisho juu ya ya jimbo. Muswada unaosema sheria fulani ya Washington ni batili katika jimbo letu ni karatasi ya kampeni. Mahakama itautupa.

Lakini upande wa pili ni mpana kuliko wengi wanavyodhani. Washington haiwezi kuliamuru bunge la jimbo litunge sheria, wala kuwaamuru maafisa wa jimbo waitekelezee kazi yake. Mahakama Kuu ya Marekani imelisema hilo mwaka 1992 katika kesi ya New York kuhusu taka za mionzi, mwaka 1997 katika kesi ya Printz, ambapo masherifu walikuwa wametakiwa kuwachunguza wanunuzi wa bunduki, na tena mwaka 2018 katika kesi ya Murphy kuhusu kamari ya michezo New Jersey. Kesi hizo zimetumiwa na majimbo ya kihafidhina kuhusu silaha na ya kiliberali kuhusu uhamiaji. Unaweza kusema polisi wetu, magereza yetu na bajeti yetu havitasaidia. Huwezi kusema tutawazuia maafisa wenu wasifanye kazi yao. Mstari unaotenganisha mambo hayo mawili ndio unaopaswa kupitiwa na mwanasheria wa bunge kabla muswada haujasomwa mara ya kwanza.

Washington nayo huzunguka kizuizi hicho kwa kutumia fedha. Mwaka 1987, katika kesi ya South Dakota dhidi ya Dole, mahakama ilikubali majimbo yapunguziwe asilimia 5 ya fedha za barabara yasipoweka umri wa kunywa pombe kuwa miaka 21. Mwaka 2012, kuhusu Medicaid, ikasema kutishia kuondoa fedha zote za mpango ambao jimbo tayari linautegemea ni kulishikia bunduki. Kati ya kesi hizo mbili pana uwanja mpana wa kubishana. Ukipokea barua inayosema fedha zitakatwa, tafuta sharti hilo limeandikwa wapi katika sheria. Mara nyingine halipo.

Na subira ni mbinu pia. Sheria ya Real ID, inayoweka viwango vya shirikisho kwa leseni na vitambulisho vya majimbo, ilipita mwaka 2005. Januari 2007 bunge la Maine likawa la kwanza kupitisha azimio la kuikataa, mengine yakafuata, na Washington ikawa inaahirisha. Utekelezaji kwenye viwanja vya ndege ulianza Mei 7, 2025. Hapo ndipo ninapokubali kwamba azimio linaweza kuwa na nguvu, kama nyuma yake kuna ofisi za leseni ambazo kweli hazitatoa kadi hizo.

Mahakamani kwa kawaida anakwenda mwanasheria mkuu wa jimbo, si wewe. Kazi yako ni kumpa bajeti na takwimu. Tangu uamuzi wa Juni 27, 2025 wa kesi ya Trump dhidi ya CASA, majaji wa chini wamebanwa wasitoe amri za kuilinda nchi nzima, kwa hiyo jimbo lisiloshtaki linaweza kujikuta nje ya ulinzi waliopata wenzake. Maoni juu ya kanuni inayopendekezwa ni rahisi zaidi na hayathaminiwi. Barua ya kurasa mbili yenye namba za jimbo lako, siyo hisia zako, inailazimu wizara ijibu hoja nzito iliyomo, na ikikwepa, wanasheria wataikumbusha mbele ya jaji.

Unapoandika muswada

Uupe tarehe ya kuisha. Sera za Washington hurudi nyuma kila baada ya miaka minne, na jimbo likijibu kwa sheria ya milele linabaki limevaa koti la mvua kiangazi kizima. Uwekee sharti la "ikitokea hivi, basi vile" pale tu unapoweza kutaja tukio na mtu wa kulithibitisha. Illinois, Virginia na Utah ni miongoni mwa majimbo yenye sheria inayoondoa upanuzi wa Medicaid mchango wa shirikisho ukishuka chini ya asilimia 90. H.R. 1 haikuugusa mchango huo, ila mbunge wa huko asiyejua kwamba kifungu hicho kipo amekaa juu ya uamuzi ambao umekwisha fanywa. Fedha za mara moja usizigeuze mishahara ya kudumu. Fedha za uviko za mwaka 2021, ambazo mwisho wa kutumika ni Desemba 31, 2026, zimewafundisha wengi hilo.

Kisha omba kuona barua itakayowafikia watu. Mfano uko karibu nasi. H.R. 1 imewaondoa wakimbizi na waliopewa hifadhi kwenye orodha ya wanaostahili SNAP mpaka wapate ukaazi wa kudumu, na kwenye Medicaid wanaondolewa kuanzia Oktoba 1, 2026. Wengi wao wametoka Kongo na wanasoma Kiswahili, siyo Kiingereza. Jimbo linaweza kulipia chakula chao kwa fedha zake, kama jimbo la Washington na la California yanavyofanya tangu zamani kwa baadhi ya wahamiaji wasiohesabiwa na shirikisho. Linaweza pia kugharimia mawakili wa kuharakisha maombi ya ukaazi, jambo ambalo kwa hesabu zangu ni rahisi zaidi kulipitisha kwenye kamati. Lakini hata likiamua kutofanya lolote, barua ya kumwambia mtu msaada wake umekoma itatoka kwenye idara yenu, ikiwa na nembo ya jimbo lenu. Iombe wiki mbili kabla haijatumwa. Angalia kama inasema ni nani anayebaki kwenye mpango, ana siku ngapi za kukata rufaa, na namba ya simu iliyoandikwa inapokelewa na mtu au na mashine. Ipige mwenyewe ujue.